Kidonge cha Presha kwenye Koo la Bomet

Katika nchi ya chai, kuanzia Kericho mjini kushuka Litein na Kapkatet hadi Sotik na Bomet, ukitaja kansa mtu hupeleka mkono kooni. Ana sababu. Umio, ule mrija unaoteremsha chakula kutoka kinywani hadi tumboni, hushambuliwa sana huku, na familia nyingi zimemzika mtu ambaye ugali ulianza kumkwama, akahamia kwenye uji, mwishowe akashindwa kumeza hata mate yake. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937 karibu na mji wa Bomet, imewapokea wagonjwa hawa kwa wingi hata ikajulikana duniani kwa ugonjwa huo. Mwaka 2002 daktari Russell White na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba kansa ya umio huko Bomet inawapata vijana. Mwaka 2010 ripoti nyingine kutoka hospitali hiyohiyo ikaeleza habari za wagonjwa 109 waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini. Kwingi duniani ugonjwa huu ni wa wazee, na daktari wa Ulaya anaweza kustaafu bila kumwona mgonjwa wa umio mwenye miaka 25.

Sasa tazama upande wa pili wa hospitali hizohizo, siku ya kliniki ya presha. Benchi limejaa. Kila mtu ana daftari lake dogo lenye tarehe, vipimo na majina ya dawa yaliyoandikwa kwa haraka: amlodipini, losartani, enalaprili, HCTZ, na kwa wengine atenololi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya Wakenya walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja, na wengi mno kati ya wenye presha hawakuwa kwenye dawa yoyote. Magonjwa haya mawili yana mabenchi tofauti na madaktari tofauti, lakini mwili ni mmoja. Mama wa miaka 58 anayemeza kidonge cha presha kila asubuhi anaweza kuwa ndiye huyo ambaye ugali umeanza kumkwama.

Hapo ndipo swali la sura hii linapozaliwa. Kwa takriban miaka 20 watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakiuliza kama dawa za presha zinaweza kumwongezea siku mgonjwa wa kansa, na kansa ya kinywa imekuwamo katika maswali hayo. Kinywa na umio ni ndugu. Vyote viwili vimetandazwa utando wa seli bapa za aina moja, vyote huunguzwa na vinywaji na tumbaku ileile, na uvimbe unaoota humo ni wa jamii moja. Likithibitishwa jambo kwa kinywa, watu wa Bomet wana haki ya kuuliza kuhusu umio.

Jibu langu nitalitanguliza ili msomaji ajue anakoelekea. Mpaka leo hakuna ushahidi wa kutosha kumpa mtu dawa ya presha kwa ajili ya kutibu kansa ya kinywa au ya umio. Ushahidi upo tele, tena wa miaka mingi, kwamba mtu mwenye presha asiache dawa yake kwa sababu amepata kansa. Na katika safari ya kila mwezi ya kuifuata dawa hiyo kliniki kuna nafasi ya kuokoa maisha, nafasi ambayo bado hatujaitumia.

Wazo lenyewe lilianzia kwenye moyo. Mskoti James Black alitafuta dawa ya kuukinga moyo usichapwe na adrenalini, ile kemikali inayomwagika damuni mtu akiogopa au akiwa na dhiki. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake wakapata propranololi, ya kwanza kutumika sana katika kundi la dawa tunazoziita beta-bloka, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Seli nyingi za mwili zina vipokezi vya adrenalini, vilivyo kama tundu la kufuli kwa ufunguo wake. Beta-bloka huziba tundu hilo. Moyo hupiga polepole, presha hushuka.

Baadaye ikagunduliwa kwamba seli za kansa nazo zina vipokezi hivyo. Mwaka 2006 kikundi cha Anil Sood huko Houston, Marekani, kiliwaweka panya wenye kansa ya ovari katika hali ya dhiki ya muda mrefu kwa kuwabana mahali pasipowaruhusu kusogea. Uvimbe wao ulikua haraka na kuota mishipa mingi ya damu. Walipopewa propranololi, madhara hayo ya dhiki yalizuiwa. Mwaka 2010 watafiti wa Nottingham, Uingereza, wakarudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa wa kansa ya matiti wakakuta kwamba waliokuwa wakitumia beta-bloka kwa sababu ya presha, kansa yao haikusambaa sana kama ya wenzao.

Kwa kinywa, kazi iliyonigusa zaidi ilitoka mwaka 2020 katika jarida la Nature. Moran Amit na wenzake, huko Houston pia, walionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Seli ya kansa ya kinywa inapopoteza jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisizaane, huanza kupeleka ujumbe kwenye neva zilizo jirani. Neva za kuhisi maumivu zinabadilika kuwa neva za kutoa kemikali za jamii ya adrenalini, na kemikali hizo zinaulisha uvimbe. Wagonjwa wa kansa ya kinywa waliokutwa na neva nyingi za namna hiyo walikuwa na hali mbaya zaidi. Panya waliopewa kavediloli, dawa ambayo madaktari huwaandikia wagonjwa wa moyo na presha, uvimbe wao ulipungua kasi. Uvimbe hauoti tu mahali ulipo. Unajenga ujirani, unaajiri neva ziutumikie. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini watafiti walisisimka.

Kundi la pili la dawa, akina enalaprili na losartani, lina historia ya kupanda na kushuka. Mwaka 1998 madaktari wa Glasgow walitangaza kwamba wagonjwa wao waliotumia dawa za aina ya enalaprili walipata kansa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2010 uchambuzi mwingine ukadai kwamba jamii ya losartani huongeza hatari ya kansa kidogo. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Marekani ikachunguza majaribio mengi zaidi, ikasema hakuna ongezeko lolote. Miaka kumi na mitatu, majibu matatu. Msomaji anayesikia habari hizi redioni ana haki ya kuchoka.

Lakini kuna sababu ya mvutano huo, na inastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha habari ya kufurahisha na habari ya kutegemewa. Sababu hiyo ni namna siku zinavyohesabiwa.

Fikiria shamba la chai. Msimamizi anaamua kugawa vikapu vipya saa nane mchana kwa wachumaji watakaokuwa bado shambani. Wengine walishaondoka saa nne, mmoja kwa homa, mwingine ameitwa nyumbani. Jioni majani yanapimwa, na wenye vikapu vipya wana kilo nyingi kuliko wengine wote. Msimamizi akiandika kwamba kikapu kipya kinaongeza kilo, amekosea hesabu. Waliopata kikapu ni wale waliokuwa wamekwisha kubaki shambani hadi saa nane. Kilo za asubuhi zilikuwa zao kabla kikapu hakijafika.

Ndivyo tafiti nyingi za dawa na kansa zilivyofanywa. Mgonjwa anagunduliwa na kansa ya kinywa mwezi Januari. Mwezi Agosti anapimwa, anakutwa na presha, anaanzishiwa beta-bloka. Anafariki baada ya miaka miwili. Mtafiti anayesoma faili lake miaka kumi baadaye anamwandika kuwa mtumiaji wa dawa tangu Januari. Ile miezi saba ya mwanzo inahesabiwa kuwa neema ya dawa, ilhali dawa yenyewe ilikuwa bado iko dukani. Aliyefariki mwezi Machi hakupata nafasi ya kuanzishiwa dawa, kwa hiyo anaandikwa upande wa wasiotumia. Upande mmoja umejazwa watu ambao lazima waliishi muda fulani ili waingie humo, na upande mwingine umebebeshwa vifo vyote vya mapema. Kosa hili si jipya. Mwaka 1972 mtakwimu Mitchell Gail aliligundua katika ripoti za kwanza za kupandikiza moyo, ambapo waliopandikizwa walionekana kuishi zaidi kwa sababu walikuwa wameweza kuishi hadi moyo wa kupandikizwa ukapatikana. Miaka ya baadaye Samy Suissa wa Montreal, Kanada, amefichua kosa hilohilo katika tafiti nyingi za dawa, na mara nyingi hesabu inaporekebishwa faida inayeyuka.

Kuna mtego wa pili, nao katika kansa ya kinywa na umio ni mkubwa kuliko mahali pengine. Mgonjwa asiyeweza kula hupungua uzito. Akipungua uzito na kukaukiwa maji, presha inashuka yenyewe, na daktari anamwachisha dawa. Kwa hiyo, katika miezi ya mwisho, wasiotumia dawa za presha ni wengi wa wale ambao kansa imekwisha kuwazidi. Mtafiti akiwalinganisha na wanaoendelea na dawa, atakuta wenye dawa wanaishi zaidi, na atakuwa amepima ukali wa kansa huku akidhani amepima nguvu ya kidonge.

Mtego wa tatu nauona wa maana kuliko yote kwa nchi kama yetu. Nani hutumia dawa ya presha? Ni mtu aliyepimwa. Ana daftari, anajua siku ya kliniki, ana nauli ya bodaboda au mtoto wa kumlipia, na kuna muuguzi anayemjua kwa jina. Nchini Denmark au Taiwan, ambako kumbukumbu za taifa zinafuatilia kila kidonge, tofauti kati ya mwenye daftari na asiye nalo ni ndogo. Bomet tofauti hiyo ni kubwa mno. Mtu anayefika kliniki kila mwezi ana macho ya mtaalamu juu yake kila mwezi, na asiyefika hukutana na daktari kwa mara ya kwanza siku ambayo hata maji hayapiti.

Dawa ya mitego hii ni jaribio ambalo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapewe kidonge halisi na nusu wapewe kinachofanana nacho, kisha siku zihesabiwe kwa wote kuanzia tarehe moja. Majaribio madogo yapo. Huko Melbourne, Australia, wanawake 60 wenye kansa ya matiti waligawanywa hivyo, na waliopewa propranololi kwa wiki moja kabla ya upasuaji walionyesha, katika ripoti ya mwaka 2020, dalili za uvimbe zilizopungua uwezo wa kusambaa. Hiyo ni habari njema, nami naitakia heri. Hata hivyo, dalili kwenye sampuli ya nyama si sawa na miaka ya kuishi, na matiti si kinywa.

Wakati jibu hilo linangojewa, yapo mambo kuhusu umio wa Bomet na Kericho ambayo tayari yamepimwa papa hapa. Mwaka 2016 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa kansa lilisema kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 za selsiasi huenda husababisha kansa ya umio. Chai ya maziwa ya huku hupikwa ikachemka, ikatiwa kwenye chupa ya moto, ikamiminwa na kunywewa papo hapo, na vipimo vilivyofanywa Bomet vilikuta watu wanaianza ikiwa imepita nyuzi hizo. Utafiti uliofanyika Eldoret, uliowalinganisha wagonjwa 430 wa kansa ya umio na watu 440 wasio nayo, ulikuta wanaokunywa vinywaji vya moto sana wana hatari ya zaidi ya mara tatu ukiwalinganisha na wanaokunywa ya vuguvugu. Pombe za kienyeji, busaa na chang'aa, nazo zilionekana, hasa kwa wanaume. Tena utafiti huohuo uliangalia meno: afya mbaya ya kinywa iliambatana na kansa ya umio. Bakteria wa kinywa kichafu hutengeneza asetaldehaidi, kemikali inayoharibu jeni, na mate huisafirisha hadi chini. Watafiti waliopima mursik, maziwa yetu ya kuganda yanayohifadhiwa kwenye kibuyu kiitwacho sotet, kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, walikuta humo kemikali hiyohiyo kwa viwango vya kutia wasiwasi. Sisemi mursik ni sumu. Imewalea Wakipsigis kwa vizazi, na hakuna aliyethibitisha kwamba yenyewe peke yake ndiyo chanzo. Lakini mzazi anayempa mtoto mursik na chai ya moto, ndani ya jiko lililojaa moshi wa kuni, anayaweka mambo matatu kwenye utando mmoja.

Turudi kwenye vidonge, maana kuna hofu ambayo lazima ishughulikiwe. Mwaka 2017 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba watu waliotumia HCTZ, yaani haidroklorothiazidi, walipata kansa ya midomo ya nje kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wengine, na waliotumia kwa miaka mingi kwa karibu mara nne. Dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi juani. Habari kama hii ikifika kwa mchuma chai anayeshinda juani Kericho, mwinuko wa karibu mita 2,000 na ikweta ikiwa jirani, anaweza kuitupa dawa yake kwenye mtaro. Asiitupe. Matokeo yale yalikuwa ya watu weupe, na rangi ya ngozi nyeusi ni kinga kubwa dhidi ya jua. Hata Marekani, mamlaka ya dawa ilipokadiria mwaka 2020, ilipata kansa moja ya ziada ya ngozi kwa kila watumiaji 16,000 kwa mwaka. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na kiharusi hakingoji hesabu za namna hiyo.

Yupo mtu mmoja, hata hivyo, ambaye nisingependa apewe HCTZ bila kufikiriwa. Ni mwenye ualbino. Midomo na ngozi yake haina kinga ile, na kansa ya ngozi ndiyo adui yake mkubwa tangu utotoni. Sijui sababu ya kumwandikia HCTZ wakati amlodipini ipo kwenye rafu hiyohiyo. Akiwa tayari anaitumia, asiiache ghafla, aombe kubadilishiwa.

Kinywa kinazungumza kwa namna nyingine pia, na wengi hawaambiwi wanapokabidhiwa pakiti. Amlodipini na nifedipini kwa baadhi ya watu huvimbisha fizi hadi zikafunika meno, na mtu akajidhania ana kansa. Enalaprili inaweza kuvimbisha midomo na ulimi ghafla, jambo linalotokea zaidi kwa watu weusi kuliko weupe, na ulimi ukivimba hivyo ni safari ya kukimbilia hospitali usiku uleule, na dawa hiyo isirudiwe tena. Enalaprili hiyohiyo huleta kikohozi kikavu kinachochosha koo. Mgonjwa asiyejua haya huenda akaacha dawa zote, au, vibaya zaidi, akaizoea hali ya ajabu kinywani hata siku ya kidonda cha kweli asishtuke.

Kisha inafika siku ambayo kidonge chenyewe hakipiti. Kwa mwenye kansa ya umio hili ni jambo la lazima kuzungumzwa mapema, maana nyumbani watu hubuni. Wengine husaga kila kitu kwenye kinu na kukoroga kwenye uji. Amlodipini ya kawaida inasagika bila tatizo. Ile nifedipini iliyotengenezwa itoke polepole siku nzima haisagwi kamwe, kwa sababu dozi ya siku nzima itaingia damuni kwa mkupuo, na presha inaweza kuporomoka mtu akazimia. Propranololi na atenololi haziachwi ghafla, maana moyo uliozoea kuzuiwa huachiwa ukadunda kwa kasi, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo hiyo ni hatari ya kifo. Na yule aliyepungua kilo 15 kwa miezi mitatu pengine hahitaji tena dozi aliyoandikiwa akiwa na mwili wake. Akisimama akaona kizunguzungu, asiambiwe ni udhaifu wa kansa tu. Apimwe presha, akiwa ameketi kisha akiwa amesimama. Nimewasikia watu wakieleza wazazi wao walivyoanguka njiani kwenda msalani katika wiki za mwisho wakiwa bado wanapewa vidonge vitatu kila asubuhi kwa uaminifu. Familia ilitii karatasi. Hakuna aliyeipitia upya ile karatasi.

Tenwek wamewawekea mamia na mamia ya wagonjwa stenti, bomba la wavu wa chuma linalofunguka lenyewe ndani ya umio na kuacha njia. Haliondoi kansa, ila linamrudishia mtu uwezo wa kula na kunywa mezani na watoto wake. Kwa wanaofaa upasuaji, presha inaingia tena kazini: daktari wa usingizi atataka iwe imetulia, mara nyingi ataomba enalaprili au losartani isimezwe siku ya upasuaji ili presha isiporomoke mgonjwa akiwa amelala, na atasisitiza beta-bloka iendelee. Mgonjwa ambaye presha yake haijawahi kuguswa huweza kuahirishwa, na kansa ya umio haisubiri kuahirishwa. Hapa ndipo ninapoona kidonge cha presha kikigusa siku za kuishi za mgonjwa wa kansa kwa njia isiyohitaji nadharia yoyote ya neva: kinamfikisha mezani pa upasuaji kwa wakati.

Lakini nafasi kubwa zaidi iko nyuma kabisa ya hayo yote, pale kwenye benchi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Michael Mwachiro na wenzake wa Tenwek uliwapima zaidi ya watu 300 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote. Waliingizwa kamera kooni, umio ukanyunyiziwa madini ya ayodini, ambayo hupaka rangi ya kahawia kwenye seli nzima na kuziacha zilizoharibika zikiwa nyeupe. Takriban 14 kati ya kila 100 walikutwa na mabadiliko ya seli yanayotangulia kansa. Watu hao walikuwa wakila ugali vizuri. Madoa kama hayo yanaweza kuondolewa kwa kuchomwa au kukatwa kupitia kamera hiyohiyo, kabla ya kisu na kabla ya stenti.

Huwezi kuwaingiza kamera watu wote wa Bomet na Kericho. Wenye presha, hata hivyo, tayari wanakuja wenyewe, kila mwezi, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 40. Muuguzi anawapima mkono, anaandika, anagawa dawa. Swali moja linatosha kuongezwa: "Mzee, ugali unateremka bila maji?" Na kwa mama: "Kuna kitu kinakwama siku hizi, hata nyama?" Watu hawa hawasemi bila kuulizwa. Kukwamwa na chakula huonwa kuwa aibu ndogo, na dawa yake ya nyumbani ni kutafuna zaidi na kusukuma kwa chai, ya moto tena. Baada ya swali, tochi. Fungua mdomo, toa ulimi, inua ulimi, tazama pembeni na chini yake, ambako kansa ya kinywa hupenda kujificha. Kidonda ambacho hakijapona wiki tatu, baka jeupe au jekundu lisilofutika, jino linalotikisika bila sababu: huyo anaandikiwa barua siku hiyohiyo. Kazi yote ni dakika mbili, na mhudumu wa afya wa jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba vijijini na kwenye makambi ya wafanyakazi wa chai na mashine ya presha mkobani, anaweza kufunzwa.

Atakayesema muuguzi ana kazi nyingi amesema kweli. Kliniki zetu za presha zina foleni hadi nje, dawa huisha, na tangu bima ya zamani ya NHIF iipishe SHA mwezi Oktoba 2024, wagonjwa wengi wamekuwa wakiuliza dirishani kinacholipwa na kisicholipwa kabla hawajauliza habari za ugonjwa. Sidharau mzigo huo. Nasema tu kwamba mgonjwa wa umio akifika hatua ya stenti amekwisha gharimu familia shamba au ng'ombe, na mara nyingi alikuwa amepita mbele ya muuguzi miezi sita kabla, mkono wake ukiwa ndani ya kitambaa cha mashine ya presha, bila mtu kumwangalia mdomoni.

Kuhusu lile swali la Houston na Melbourne, nchi ya chai ina kitu ambacho miji hiyo haina: wagonjwa wengi wa umio, wakiwemo vijana, katika eneo dogo. Tangu mwaka 2017 upo muungano wa watafiti wa Afrika wanaofuatilia kansa ya umio kando ya ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na hospitali za Kenya ya magharibi ni sehemu yake. Jaribio la kweli la propranololi kwa wagonjwa wa umio linaweza kufanyika huku siku moja, kwa ridhaa yao na kwa faida yao. Kabla ya hapo kuna hatua isiyohitaji ufadhili wowote. Rejista za kansa zinaandika umri, kijiji, aina ya uvimbe na tarehe ya kugunduliwa. Ziongezewe safu tatu: jina la dawa ya presha anayotumia mgonjwa, tarehe aliyomeza kidonge cha kwanza, na tarehe alipoachishwa na kwa nini. Zikiwepo tarehe hizo, ule mwezi Januari hadi Agosti hautahesabiwa tena kuwa kazi ya dawa.